Maji Yanayorudi Baridi

Kuna nyumba moja kaskazini mwa Sydney ambayo nikipita karibu nayo napunguza mwendo wa gari, hata kama nimechelewa. Si yangu. Yangu ni ya kupanga, iko Bankstown, na wakati wa baridi tunavaa soksi mbili mbili ndani yake. Lakini ile ya kaskazini ina chumba kidogo nyuma ya gereji, na ndani ya chumba hicho kuna boila na mabomba ya shaba niliyoyakunja kwa mikono yangu, na sijaona kazi nzuri kuliko ile katika jiji hili. Najisifu, ndiyo. Mwenye kutaka unyenyekevu asome kitabu cha mtu mwingine.

Mimi ni fundi bomba. Nilijifunza kazi Tanga, katika chuo cha ufundi, msichana peke yangu kwenye darasa la wavulana waliokuwa wakinituma chai. Hapa Sydney nilianza upya kana kwamba sijawahi kushika spana: miaka ya kuwa msaidizi wa watu, miaka ya mitihani, mpaka nikapata leseni ya maji na ya gesi yenye jina langu. Niliibandika kwenye mlango wa friji, juu ya picha ya harusi. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, aliitazama akasema sasa amejua cheo chake.

Watu wa nyumbani wakisikia Australia wanafikiria jua tu. Hawajui Julai ya Sydney. Nyumba za hapa kuta zake ni nyembamba, madirisha yanapitisha upepo, na wenyeji wanatembea na kaptula mchana halafu jioni wanakaa sebuleni na blanketi wakijifanya hakuna kitu. Wachache wenye uwezo hupitisha mabomba ya maji ya moto ndani ya sakafu. Mafundi wanaoijua kazi hiyo vizuri ni wa kuhesabu, nami nikasema basi, hapo ndipo nitakapojenga jina.

Kazi yangu ya kwanza kwa leseni yangu mwenyewe ilikuwa ile nyumba. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa Kizungu mrefu mwenye sauti ya kusahihisha daftari, anaishi peke yake. Sakafu yake ilikuwa ya zege nene yenye mabomba ndani, na alitaka boila la chuma cha kusubu kama lile lililokufa, kwa sababu dohani yake ya matofali ilijengwa kwa boila la namna hiyo. Alinichagua mimi mbele ya kampuni mbili kubwa. Sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Sasa lazima nimlete baba mkwe wangu. Mwaka ule ndipo alipokuja kuishi nasi, baada ya mama mkwe kufariki kule Tukuyu. Alikuwa amestaafu baada ya kuhudumu maisha yake yote kwenye boila la kiwanda cha chai, akililisha kuni na kutazama saa za kupimia mvuke. Ni Mnyakyusa wa zamani, na kwao, kwa desturi ya zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani ana kwa ana. Vijana wengi wameiacha. Yeye hakuiacha. Mume wangu alipomwambia kuwa hapa ni Sydney, alijibu kwamba mkwe ni mkwe hata Ulaya. Kwake yeye Australia nayo ni Ulaya.

Mimi ni wa Korogwe, mambo hayo sikukulia nayo, lakini nilimpenda mzee na nikayafuata. Korido yetu ni nyembamba. Akitaka kutoka chumbani anakohoa mara mbili, nami naingia jikoni mpaka apite. Namwamkia shikamoo nikitazama ukuta, naye anaupa ukuta marahaba yake. Akitaka chumvi mezani anamwambia mwanawe, na mwanawe ananiambia mimi niliye umbali wa kijiko. Wageni wetu Wakongo walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu.

Siku ya kufunga boila, mume wangu alikuja kunisaidia kulibeba, na akamleta baba yake aone. Niliunganisha kwa njia fupi na safi: maji ya moto yanatoka juu ya boila, yanaingia sakafuni, yanazunguka, yanarudi chini ya boila. Nikawasha. Mzee alisubiri maji yazunguke, kisha akaweka mgongo wa kiganja kwenye bomba la kurudi, akauacha hapo.

Akamwambia mume wangu, "Mwambie mkeo maji yanarudi baridi. Boila hili litalia."

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka walipokuwa. Nilisikia kila neno, lakini nilisubiri niletewe ujumbe kama heshima inavyotaka, na ulipoletwa nikajibu kwa kiburi ambacho hadi leo kinanichoma. Nilimtuma mume wangu amwambie baba kwamba hili si boila la kuni na hapa si kiwanda cha chai. Mume wangu, ambaye amenusurika miaka mingi ya ndoa kwa akili, alimgeukia baba yake akasema, "Anasema amesikia."

Basi, ikaishia hapo. Mzee alikuwa ameshatuma ujumbe wake mara moja, na kwa desturi yake baba mkwe hamfuatilii mke wa mwanawe kumsahihisha, hasa kwenye nyumba ya watu. Nami nilikuwa na leseni kwenye friji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimbishwa shuleni. Guu langu lilichukua mwaka mmoja kuvunjika.

Alichokuwa akisema ni hiki, na sikuhitaji kiwanda cha chai kukielewa, nilihitaji masikio tu. Gesi ikiungua hutoa mvuke usioonekana ndani ya moshi wake. Moshi huo ukipita kwenye chuma cha moto, huondoka na mvuke wake hadi nje. Ukikutana na chuma cha baridi, mvuke unageuka matone, kama chupa ya soda inavyotoa jasho mezani. Tofauti ni kwamba jasho hili lina ukali wa asidi, na linakula chuma. Na sakafu ya zege ni kitu kikubwa mno, inameza joto saa nyingi na kurudisha maji ya baridi kwenye tumbo la boila. Kila mpishi anajua kwamba maharage yakichemka huongezi maji baridi. Mimi nilikuwa nayaongeza mchana kutwa.

Majira ya baridi ya pili mwalimu alinipigia simu. Boila linazima lenyewe, alisema, na chini yake kuna maji yenye rangi ya chai. Nilikwenda nikiwa na uhakika kwamba ni kiungo kimelegea. Nilipofungua bamba la mbele, kutu ilianguka kwa mapande kwenye viatu vyangu. Njia za moshi zilikuwa zimeziba, na chuma kilikuwa na alama za michirizi kama mtu aliyelia na hakunawa. Fundi wa kampuni iliyoliuza alikuja kesho yake, akatazama mabomba yangu kwa dakika moja, akasema dhamana haipo, kwa sababu maji ya kurudi hayatakiwi kuwa chini ya nyuzi hamsini na tano. Akanionyesha ukurasa kwenye kitabu cha maelekezo. Niliufahamu ule ukurasa. Niliwahi kuufungua na kuupita.

Mwalimu hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema ananipa siku kumi. Zikipita bila joto la kueleweka ataita kampuni nyingine, na atapeleka malalamiko serikalini kuhusu leseni yangu. Alikuwa na haki. Nikakaa ndani ya gari langu mbele ya nyumba yake, nikalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mimi. Leseni ile ndiyo ilikuwa mimi. Bila hiyo ningerudi kushikia watu wengine ngazi na kutumwa chai, safari hii na wavulana wa Kizungu.

Nilifika nyumbani nikamwomba mume wangu aongee na baba yake. Alikuwa anafunga vifungo vya sare ya kazi. Alisema safari hii hapana, ujumbe wa namna hii mtu anaupeleka mwenyewe, akatoka kwenda zamu. Mzee alikuwa jikoni anakunywa chai yake ya mchana. Nikasimama mlangoni, siwezi kumtazama, siwezi kumsemesha, siwezi kuondoka. Mbele yangu kulikuwa na friji yenye leseni.

Nikasema, "Friji, mwambie baba kwamba boila linalia. Mwambie mkwewe alikosea na alijibu vibaya, na anaomba msamaha."

Kijiko kikazunguka kwenye kikombe. Nilihesabu sumaku zote za mlangoni. Halafu mzee akakohoa.

"Friji," alisema, "mwambie navaa viatu."

Kwa siku nane zilizofuata tulifanya kazi wawili, bila wa kutupelekea maneno, kwa kuwa mume wangu alikuwa na zamu. Basi boila likachukua nafasi ya friji. Mzee alikuwa akiongea nalo na mimi nikisikia. "Boila, chuma chako bado kizima?" aliuliza siku ya kwanza, akachukua nyundo ndogo akaligonga pande zote, polepole, ameinamisha sikio. Palipolia vizuri aliitikia kwa kichwa, palipofifia alirudia. Mwisho akaliambia boila kwamba limeumwa ngozi tu, mifupa ipo. Nililisugua siku mbili kwa brashi ya waya mpaka kucha zangu zikawa nyekundu kwa kutu, kisha nikalijaza maji na kulipa shinikizo, na mshale haukushuka hata kidogo. Mwalimu alikuwa akipita na kikombe chake, akiona Waafrika wawili wanazungumza kwa heshima na tangi la chuma. Hakuuliza.

Sitaki mtu afikiri mzee alijua kila kitu na mimi nilikuwa nashika tochi. Tulikubaliana juu ya ugonjwa, tiba tuligombania. Yeye alitaka tuweke bomba la mkato kutoka upande wa moto hadi upande wa kurudi, lenye koki ya mkono, tuifungue kiasi na kuipigia alama ya rangi. Ndivyo walivyokuwa wakifanya Tukuyu. Nikaliambia boila, kwa adabu zote, kwamba Tukuyu palikuwa na mtu wa zamu wa kuigusa koki ile usiku na mchana, na hapa yupo mama mmoja anayesoma magazeti. Hapa tunahitaji vali inayojisikilizia joto yenyewe. Boila likiwa baridi, vali inayarudisha maji ya moto humo humo, kwenye mzunguko mdogo, na kuinyima sakafu. Boila likishapata moto, vali inaanza kuruhusu maji baridi ya sakafu kidogo kidogo, yakiwa yamechanganywa, yasishuke chini ya hamsini na tano. Mzee hakupenda. Alilalamika kwa boila kwamba siku hizi mafundi wanaviachia vyuma vifikiri badala yao.

Siku ya tatu nilikwenda Wetherill Park, kwenye ghala la vifaa, kuchukua ile vali na pampu ya mzunguko mdogo. Mzee alikuja. Alipoishika vali akaigeuza geuza, akachungulia ndani, akaona kidude cha nta kinachotanuka kwa joto na kusukuma mlango. Alikaa nayo mapajani njia yote ya kurudi. Tulipofika, boila liliarifiwa kwamba kitu hiki ni mtu wa zamu asiyelala wala kudai posho, na kwamba fundi aendelee.

Nikaendelea. Nilikunja mabomba ya shaba kwa mashine ya mkono, kila kona kwa pembe moja, nikayapanga sambamba kama nyuzi za zeze, nikayalehemu bila kuacha tone la lehemu kuning'inia. Niliweka kipimajoto kwenye bomba linaloingia boila na kingine kwenye linalotoka sakafuni, ili mtu yeyote asome ukweli kwa macho bila kunitegemea mimi. Nilivalisha mabomba sponji ya kuzuia joto isipokuwa sehemu moja ya upana wa kiganja, kwenye bomba la kurudi. Hiyo niliiacha wazi kwa sababu zangu.

Siku ya nane tuliwasha. Mwalimu alisimama mlangoni, mikono imekunjwa. Moto ukashika, pampu ikanguruma, mshale wa boila lenyewe ukapanda. Mshale wa maji yanayoingia boila ukasimama kwenye ishirini na mbili. Ukabaki hapo. Dakika tano, dakika nane. Kwa pembe ya jicho nikamwona mwalimu akiitazama saa yake. Nilikagua umeme wa pampu, nikakagua alama ya mwelekeo kwenye vali, kila kitu kilikuwa sawa na hakuna kilichofanya kazi. Nikaweka mkono kwenye swichi ili nizime.

Mzee alikuwa ameshika ule mzunguko mdogo kwa viganja viwili, akivipandisha polepole mpaka kwenye kona ya juu kabisa. Hapo akasimama.

"Usizime," alisema. "Fundi, kuna hewa hapa. Fungua juu."

Hakuliambia boila. Aliniambia mimi, ananitazama usoni, na macho yake, niliyoyaona kwa mara ya kwanza kwa karibu, yalikuwa ya kahawia hafifu na yenye wasiwasi uliozidi wangu. Sikuwa na nafasi ya kushangaa. Nilifungua koki ndogo ya hewa kwa ufunguo, ikafoka, ikatema povu, ikatema maji. Bomba likatetemeka kidogo chini ya mkono wake. Mshale ukaamka. Thelathini. Arobaini na moja. Hamsini na tatu. Ukafika hamsini na saba ukatulia hapo, wakati kile kipimajoto cha sakafu bado kinasoma ishirini na nne. Sakafu ilikuwa baridi vile vile, na boila halikujua habari hizo.

Tuliacha liwake mchana mzima. Alasiri nililala chali chini ya boila nikapitisha kitambaa cheupe kwenye kila mshono, hadi chini ya dohani. Kilitoka kikavu na cheupe. Nikampa mwalimu akishike mwenyewe. Halafu nikamwambia, bila kuzunguka, kwamba mwaka uliopita boila halikuwa na ubaya wowote, mabomba yangu ndiyo yalikuwa mabaya, na kwamba nilionywa nikapuuza. Mume wangu aliwahi kunishauri nisiseme hilo, ati litatumika dhidi yangu. Lakini mficha uchi hazai. Mwalimu alikikunja kile kitambaa mara nne kama cheti. Aliuliza ni nani aliyenionya. Nikamwelekeza kwa kidevu, maana kumnyooshea mkwe kidole nisingeweza. Alikwenda akampa mzee mkono, na malalamiko ya serikalini hayakuandikwa. Tangu hapo amenipa nyumba tatu za majirani zake.

Jioni ile tulirudi Bankstown kwenye foleni. Mzee alikaa nyuma, katikati ya mabomba yaliyobaki, kwa sababu kiti cha mbele ubavuni mwa mkwe kilikuwa bado ni jambo lisilofikirika, macho yametazamana au hayajatazamana. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa akitafuta namba, akampigia mwenzake wa zamani wa kiwandani, mstaafu kama yeye, ambaye simu yake lazima uipigie kelele. Nilisikia habari zote. Alieleza vali ile kama mtu aliyeivumbua. Alieleza hewa, alieleza kitambaa. Hakuficha chochote: alisema fundi alikosea mwaka jana, na yeye alijua, akasema mara moja kisha akanyamaza kwa sababu ya desturi, kwa hiyo kosa lilikuwa la wawili. Alisema kosa lile lilimsumbua mwaka mzima, kila akipita kwenye korido.

Nilikaza macho barabarani. Sikujua kwamba kuna mtu mwingine katika nyumba yetu aliyekuwa akilibeba kosa lile.

"Lakini fundi alirudi," aliendelea. "Amekunja shaba mpaka unaona haya kuigusa. Mimi nimekaa na boila tangu ujana wangu, sijawahi kuona lililofungwa vile."

Sauti ya upande wa pili ikauliza, kwa nguvu mpaka nikaisikia mbele, fundi huyo ni Mzungu au Mhindi.

"Wala," alisema baba mkwe wangu. "Ni mtoto wangu."